Nilimfuta Dada Yangu Kwenye Historia ya Baba

Nina miaka thelathini na miwili. Ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari hapa Same, sijaoa, na nina shahada ya pili ya uandishi niliyoipata Uingereza. Cheti chake kipo sandukuni, chini ya nguo. Sijakitundika ukutani na sidhani kama nitakitundika.

Ndugu wasomaji, mimi sikuibiwa mke, sikulogwa, wala sikutapeliwa na rafiki. Mikasa ya namna hiyo mmeisoma mingi, na mmewalilia wenyewe. Mimi msinililie. Katika mkasa huu mimi ndiye mbaya! Niliyemtenda ni dada yangu wa pekee, na nilimtenda kwa kalamu... Majina ya watu nimeyabadili. Ya mahali nimeyaacha, kwa sababu milima haina aibu.

Nilizaliwa Mhezi, huku juu Upareni, jirani na Chome, ambako ukungu unaweza kukaa mlangoni mpaka saa nne asubuhi kama mgeni asiyejua kuaga. Baba alikuwa mkulima wa maharage na tangawizi, na mzee wa kanisa. Tulikuwa watoto wawili tu, dada Nakijwa na mimi. Dada ananizidi miaka mitano.

Hapa lazima niseme jambo ambalo kwetu lilisemwa kwa kunong'ona. Mama aliolewa na baba akiwa tayari na Nakijwa mgongoni. Mwanamume aliyempa mimba alikuwa mtu wa tambarare, na mimba aliikana mchana kweupe. Baba hakujali. Alimwoa mama kanisani, akambatiza yule mtoto kwa jina lake, na mtu akimuuliza ana watoto wangapi alijibu "wawili" kabla swali halijaisha.

Lakini ukoo nao una midomo. Kwa baba wadogo na mashangazi, Nakijwa alibaki kuwa mtoto wa kufikia. Hawakumwambia usoni, hapana... Walimwambia kwa jinsi walivyogawa nyama kwenye sherehe. Walimwambia kwa kumtuma maji wakati mabinti wengine wa ukoo wameitwa kukaa kwenye picha. Dada alikuwa akienda kuchota hayo maji, akirudi anatabasamu. Mimi nilikuwa mdogo na sikuona kitu.

Sasa niwaeleze kuhusu kazi yangu ya kwanza ya uandishi, maana mkasa wote umeanzia hapo. Kwetu mtu hazikwi hivi hivi. Kabla jeneza halijatoka uani, lazima isomwe historia ya marehemu. Mnaijua: alizaliwa lini, alibatizwa wapi, alipata kipaimara, alioa, aliugua nini, na mwisho kabisa, ameacha nani. Kuna makabila ambayo watu huisikiliza huku wakiulizana chakula kitaiva lini. Kwetu Wapare ile ni hati! Mpare na karatasi, nyie mnatujua... Mtu anatunza risiti ya jembe lililokwisha kuliwa na kutu, eti kesi inaweza kutokea. Seuze karatasi iliyosomwa mbele ya jeneza, mchungaji amesimama, ukoo mzima umekaa?

Mimi nilianza kuandika historia hizo nikiwa kidato cha pili. Alifariki jirani, watoto wake hawakuwa na mwandiko, wakanijia. Nikaandika. Watu wakasema kijana ana maneno. Kuanzia hapo, msiba ukitokea Mhezi au vijiji vya jirani, utasikia, "Nendeni kwa mtoto wa mzee wa kanisa." Niliandika hata ya mama yangu mzazi, nikiwa na miaka ishirini, machozi yakidondoka kwenye karatasi. Niliposoma mbele ya watu, "Ameacha mume na watoto wawili, Nakijwa na Anaeli," dada alinishika mkono akaubana mpaka vidole vikauma. Nilidhani ni uchungu wa mama.

Miaka ikapita. Nikasoma ualimu, nikapangiwa Same, nikawa naandika hadithi fupi na kuzituma huku na huku. Siku moja nikaona tangazo la ufadhili wa kusomea uandishi nje ya nchi. Nikajaza fomu kwa mzaha. Ndugu zangu, nikapata!

Wakati huo baba alikuwa amekwishapigwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimekufa, na maneno yalimtoka mojamoja. Aliyekuwa akimwogesha, akimlisha, akimgeuza kitandani asipate vidonda, ni Nakijwa. Wachumba wawili walikuja wakaondoka kwa sababu hakukubali kumwacha mzee. Nilipokwenda kuaga, baba alinivuta karibu kwa ule mkono mzima.

"Siku yangu ikifika, utaandika wewe," aliniambia. "Uanze na Nakijwa."

Nikamjibu, "Ndiyo, baba." Jibu jepesi kama hilo! Dada alikuwa jikoni anakoroga uji wa baba, na nina hakika alisikia.

Huko Uingereza nilifika nikijiona mwandishi. Wiki ya tatu nilikuwa sijioni hivyo tena. Darasa lilikuwa la watu kumi na mmoja, tunakaa kwa duara. Kila wiki mmoja anasoma kazi yake na wengine wanaichambua, na sheria ilikuwa moja: aliyeandika anyamaze mpaka wamalize. Hebu fikirini, mwalimu wa sekondari aliyezoea wanafunzi wasimame akiingia, amekaa kimya anasikiliza binti wa miaka ishirini na miwili akisema kazi yake "imelala"!

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa juu ya kijiji chetu. Nilitaja kila mtu. Nilitaja ukoo wa kila mtu, na nani alimzaa nani. Mwalimu wetu, mama mmoja mwembamba mwenye sauti ya upole, alinirudishia karatasi ina mstari wa penseli umepita juu ya majina yote. Pembeni aliandika maneno ambayo nikiyafasiri ni haya: "Hawa ni nani? Msomaji hawajui. Chagua mmoja."

Nilikasirika! Nilirudi chumbani nikapiga viatu ukutani. Lakini baada ya siku mbili niliisoma ile kazi tena bila yale majina, na Mungu shahidi wangu, ilikuwa nzuri zaidi. Ilikuwa inatembea. Hapo ndipo nilipoanza kujifunza kwelikweli, na sitaki kumsingizia yule mama hata kidogo. Alinifundisha kutazama. Alinifundisha kwamba tukio moja dogo likiandikwa sawasawa linabeba maisha ya mtu mzima, na kwamba maneno yanayokuja yenyewe mdomoni mara nyingi si yako, umeyaazima. Nilikuwa na miaka thelathini na nilikuwa nikiandika kwa maneno ya kuazima tangu kidato cha pili! Nikawa nakata. Kila wiki nakata. Nikaanza kuonea aibu zile historia za marehemu nilizoandika nyumbani, zote zikifanana.

Muhula wa pili tukapewa zoezi la kuandika kumbukumbu moja ya mzazi. Nikaandika kuhusu ndiva.

Ndiva ni bwawa dogo la udongo ambalo babu zetu walichimba kule juu. Linajaa maji usiku, asubuhi linafunguliwa, na kila familia ina zamu yake ya kumwagilia. Asubuhi moja, zamu ikiwa yetu, ukingo wake ulipasuka. Maji yakaanza kukimbia porini. Baba hakuwa na gunia wala mti wa kuziba... akakaa mwenyewe kwenye ufa! Alikaa ameyapa maji mgongo, na mtoto wake akawa anakimbia huku na huku akileta udongo na magome ya mgomba, akimzibia pembeni kidogo kidogo, mpaka ukingo ukashika. Wakarudi nyumbani wamejaa matope mpaka machoni, wanacheka kama walevi. Baba akamwambia mama, "Leo fundi wangu ameniokoa."

Huyo mtoto alikuwa Nakijwa. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mimi nilikuwa na miaka sita, nipo jikoni na mama, nikimlilia kiporo cha makande. Nilichokiona mimi ni watu wawili wakiingia uani wanacheka.

Katika rasimu ya kwanza niliandika hivyo hivyo ilivyokuwa. Darasa likasema linachanganyikiwa: mtoto anayesimulia ni mmoja, aliyekuwa bwawani ni mwingine, tumfuate nani? Kijana mmoja akapendekeza wawe mtoto mmoja. Nikakubali. Nikamtoa dada, nikajiweka mimi. Ilikuwa hadithi tu, na katika hadithi mwandishi ana ruhusa. Nilipata alama za juu kuliko wote! Mwalimu alisoma ukurasa wa mwisho kwa sauti mbele ya darasa, na mwanafunzi mmoja akajifuta macho. Nilitembea kurudi bwenini nikiwa sihisi baridi.

Wiki sita baadaye baba akafariki.

Zawadi, binti wa shangazi yetu, ndiye aliyenipigia. Nauli ya kurudi sikuwa nayo, na hata ningekuwa nayo nisingewahi, kwa maana mazishi yalipangwa haraka. Niliambiwa kazi yangu ni moja, niandike historia ya marehemu, niitume kwa simu, Zawadi aichapishe Same akienda kuchukua mwili, mwinjilisti ataisoma.

Nilikaa mezani nikaandika ile niliyoizoea. Alizaliwa, alibatizwa, akapata kipaimara, akamwoa mama yetu. Mwisho nikaandika, "Ameacha watoto wawili, Nakijwa na Anaeli." Nikaisoma kwa sauti chumbani peke yangu. Ndugu wasomaji... niliona aibu! Niliona ni karatasi ya mtu yeyote. Baba yangu, aliyekaa kwenye ufa wa ndiva na kuyapa maji mgongo, azikwe na orodha? Mimi niliyefika mpaka huku, nizike baba yangu kwa maneno ya kuazima?

Nikafuta yote. Nikaichukua ile kumbukumbu ya ndiva, ile iliyomliza mtu darasani, nikaitafsiri kwa Kiswahili kizuri kuliko nilichowahi kuandika maishani. Baba, maji, na mtoto mmoja. Na mtoto ni mimi. Nikaimalizia pale wanapoingia uani wanacheka. Nilijaribu kurudisha ule mstari wa ameacha nani... nikaurudisha mara mbili, mara mbili nikautoa. Kila ukikaa pale mwisho ulikuwa unaua ile picha.

Sikumchukia dada yangu. Sikuwa na tamaa ya shamba, naapa. Nilimfuta kwa ajili ya uzuri tu! Sijui kama hilo linanipunguzia dhambi au linaniongezea.

Asubuhi ya mazishi nilimpigia Nakijwa kumpa pole. Sauti yake ilikuwa imechoka sana. Akaniuliza kama nimemaliza kuandika. Nikasema nimemaliza.

"Umetuweka wote?"

Nikamjibu, "Nimeweka kila kitu cha maana, dada." Hayo ndiyo maneno yangu. Nayasikia mpaka leo nikiwa napiga mswaki, nikiwa nasahihisha madaftari.

Zawadi alishika simu ili nitazame mazishi. Picha ilikuwa inakwamakwama. Mwinjilisti akaanza kusoma, na uwanja mzima ukanyamaza. Nikaona mama mmoja amejifunika uso kwa khanga. Nikaona wanaume wanatikisa vichwa. Nilikuwa mbali na jeneza la baba yangu, na niwaambie ukweli nilichokuwa nakihisi? Fahari! Nilikuwa nangoja kusifiwa. Msiba wa baba yangu mzazi!

Kisha Zawadi akageuza simu, nikamwona dada. Alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na jeneza, na hakuwa akilia. Alikuwa ameukazia macho mkono wa mwinjilisti ulioshika karatasi. Mwinjilisti akasoma mstari wa mwisho, akakunja karatasi, akasema Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Watu wakasimama. Dada akabaki amekaa vile vile, bado anaitazama ile karatasi iliyokunjwa, anangoja... Picha ikakatika.

Nikampigia dada, simu haikupokelewa. Nikaandika ujumbe mrefu wa kujieleza, eti ni mtindo, eti uandishi wa kisasa. Hakujibu. Baadaye simu yake ikawa haipatikani kabisa. Nikajidanganya kwamba ana uchungu wa msiba na utapoa.

Kilichotokea niliambiwa na Zawadi baada ya majuma mawili. Siku ya kuanua matanga, ukoo ulikaa kikao. Baba mdogo Elieza, ambaye shamba lake linapakana na la baba, alisimama na ile karatasi mkononi. Alikuwa ameiomba kwa mwinjilisti akaitunza. Nimewaambia sisi na karatasi! Akasema kwa utaratibu, kama anayesoma somo la Jumapili, kwamba hii ndiyo historia ya kaka yake, imeandikwa na mwanawe wa kumzaa, msomi, yuko Ulaya, hakulazimishwa na mtu. Imesomwa mbele ya mchungaji. Anayemwona Nakijwa humu ndani amwonyeshe, la sivyo hana haki na nyumba wala shamba.

Hakuna aliyemwonyesha. Wote walijua, wote walimwona dada akikulia pale, akimgeuza yule mzee kitandani. Shangazi mmoja alijaribu kusema, akaambiwa alete maandishi.

Nakijwa hakubishana. Zawadi anasema aliomba aisome karatasi mwenyewe. Alisoma polepole mpaka mwisho, yeye aliyekuwa bwawani siku ile, akasoma jinsi mdogo wake alivyoleta udongo na magome ya mgomba... Kisha akairudisha kwa baba mdogo kwa mikono miwili, akaingia ndani, akafunga nguo zake. Kesho yake akashuka. Hakuaga mtu zaidi ya kaburi.

Na mimi? Juma hilohilo ile kumbukumbu ya darasani ilichapwa kwenye jarida la chuo. Wenzangu wakaninunulia keki. Nilikula ile keki nikiwa sijajua.

Nilipojua, nikampigia baba mdogo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa upole wa kutisha. Nikamwambia dada yangu arudishwe nyumbani, ni mtoto wa baba, mimi ndiye nimekosea. Akacheka kidogo.

"Mwanangu, mimi sikuandika kitu. Aliyeandika ni wewe. Nyumba ni yako, shamba ni lako, mimi nakutunzia tu. Soma, maliza, urudi."

Nilimaliza. Nilirudi na shahada na sanduku la vitabu, nikapanda mpaka Mhezi. Chumba cha baba kilikuwa kimejaa magunia ya maharage ya baba mdogo. Watu wakanipokea kwa shangwe, wakachinja mbuzi, wakaniambia nimewaheshimisha, historia kama ile haijawahi kusomwa milimani! Nilikula ile nyama... Watu wanasema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nililichuma, akala dada yangu peke yake.

Nilimtafuta Nakijwa miezi miwili. Nilisikia yuko Hedaru, nikaenda, hayupo. Mwishowe muuza samaki mmoja wa soko la Same akaniambia anamfahamu dada Mpare mpole anayekaanga perege kule kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Nikaenda na karatasi nyingine mfukoni. Nilikuwa nimeandika historia ya baba upya, kurasa tano, na ilianza na jina la Nakijwa kama nilivyoagizwa. Kwenye ndiva nilimweka yeye. Kila kitu kilikuwa cha kweli, na kilikuwa kimeandikwa kwa ujuzi wote niliofundishwa. Sijawahi kuandika vizuri kuliko hapo.

Nilimkuta kwenye banda la mabati, anaparua magamba. Amekonda, mikono imejaa makovu ya mafuta. Nikamwamkia, akaitikia. Akanivutia ndoo nikae, akaniletea maji ya kunywa, akaniuliza kama nimekula. Hakunitukana! Laiti angenitukana. Nikapiga magoti palepale kwenye magamba nikalia, akaniambia niinuke, wateja wanaona.

Nikamwomba nimsomee. Akasema nisome, huku kisu chake kikiendelea. Nilisoma kurasa zote tano. Nilipofika kwenye "fundi wangu" kisu kilisimama, kisha kikaendelea. Nilipomaliza alinawa mikono, akajifuta kwenye khanga.

"Umeandika vizuri, mdogo wangu," alisema. "Tangu zamani unaandika vizuri."

Nikamwambia basi turudi nyumbani.

"Mimi sikuhitaji kuambiwa kwamba ni mtoto wa baba. Nilikuwa najua. Baba alikuwa anajua. Nilitaka waambiwe wao... mara moja tu, mbele ya watu, baba naye akiwepo." Akaitazama karatasi mkononi mwangu. "Sasa hapa nani amesikia?"

Palikuwa na yeye, na mimi, na mama mmoja wa meza ya pili aliyekuwa akipima samaki na hakuwa akitusikiliza.

Nilirudi nikaamua nitawaambia hao watu. Mwaka ulipotimia tulijengea kaburi la baba na kusimika msalaba. Nikaalika ukoo, mchungaji akanipa nafasi. Nilisimama nikasoma, safari hii bila hadithi yoyote, majina tu. Ameacha watoto wawili, Nakijwa na Anaeli. Nikakiri kwamba ile ya kwanza niliipotosha, na kwamba aliyekuwa bwawani hakuwa mimi.

Nilifikiri watu watalia. Baba mdogo Elieza aliinuka, akavua kofia kwa heshima ya kaburi.

"Mwanangu, mwaka jana uliandika hayupo, na kalamu yako ikatutoa machozi sisi sote. Leo umeandika yupo. Kesho utaandika nini? Sisi hatukusoma huko ulikosoma. Tuambie tu, tuamini karatasi yako ipi?"

Watu wakaguna. Wengine wakainamisha vichwa, na nikaona kabisa kwamba hawasemi mzee amekosea. Hata wale waliompenda dada yangu waliniangalia mimi kama mtu anayebadilisha kauli kwa sababu ameshikwa. Shangazi mmoja tu ndiye aliyesema amina. Miaka yote ile nilikuwa nikiwazika watu wao kwa neno langu, na neno langu likawa limekufa mbele yao!

Nikasema basi, nitakwenda baraza la kata, nitafungua kesi. Hata mimi ni Mpare! Nilimpigia Nakijwa nikamweleza kila kitu, nikamwomba aje asimame kama shahidi. Nikasikia mafuta yakichemka upande wake.

"Usifungue," akasema. "Mtoto haendi barazani kuomba awe mtoto."

Ndugu zangu, hayo yana miezi saba sasa. Nyumba ya Mhezi nimemtoa baba mdogo na maharage yake, nimeifunga, na ufunguo nilimpelekea dada. Aliupokea, akaniambia asante, akauning'iniza kwenye msumari karibu na mizani. Hajautumia. Namtembelea kila mwisho wa mwezi. Ananipikia, tunaongea habari za bei ya samaki na afya ya Zawadi. Habari ya baba hatuigusi.

Ninawaandikia nyinyi vijana mnaopenda kalamu, hasa mnaojiandaa kwenda kusoma mbali. Nendeni! Msidhani nawakataza. Mtafundishwa vitu vizuri ambavyo huku hatuna wa kutufundisha. Lakini ukirudi na kisu kipya, usijaribu makali yake kwenye mambo ya nyumbani kwenu kabla hujauliza kila kitu kinafanya kazi gani. Kile unachokiona ni orodha ya kuchosha, kuna mtu amekaa kwenye mkeka anakisubiri maisha yake yote. Mimi nilifundishwa kumfikiria msomaji, nikawafikiria watu mia tatu wasionihusu, nikamsahau mmoja.

Na wewe ambaye una mtu wa kutajwa kwenu, awe mtoto wa kufikia, awe wa nje, awe aliyelelewa tu, mtaje leo, ukiwa hai, watu wakiwa wamekaa. Usimwachie mwandishi.